Mke wa Mchimba Bati

Katoro, siku ya gulio, mwaka 1998. Muuza karanga alikuwa amekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa, kitabu kiko gotini, anachana ukurasa mmoja mmoja kuanzia nyuma na kuuzungusha kuwa pembe. Kila pembe, karanga za shilingi 50. Nilinunua moja, nikatafuna huku nasubiri gari la Geita. Karanga zilipokwisha nikaikunjua karatasi nikaisoma, maana ualimu ukishakuingia hutupi kitu chenye maandishi. Humo mlikuwa na kijana mpole mwenye upanga kiunoni, na nilipofika chini ya ukurasa nikang'amua kwamba huyo kijana ni msichana aliyevaa nguo za kiume.

Nikarudi. Nikamwuliza kilichobaki anauza kiasi gani.

"Karanga au kitabu?"

"Kitabu."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya gunia tupu. Tukapatana 300. Jalada halikuwepo, na sura za mwisho zilikuwa zimekwenda na walaji wa karanga, lakini ukurasa wa jina ulikuwa mzima: The Masqueraders, Georgette Heyer. Gari lilipofika sikugombea kiti. Nilisimama hadi Geita nimeukumbatia mkoba.

Jina hilo nilikuwa nalijua tangu utoto. Baba yangu alikuwa karani wa stoo kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, na mwishoni mwa miaka ya 1960 klabu ya mgodini ilipopunguza vitabu vyake alileta nyumbani sanduku zima. Baba hakuwa na haja na riwaya, alilitaka sanduku. Vitabu akanimwagia mimi sakafuni. Kiingereza changu kilikuwa cha kuchechemea, lakini nilikuwa na likizo ndefu na kamusi moja isiyo na herufi A.

Kwa asiyezijua, riwaya hizi zina nchi yao na saa yao. Mwaka 1811 Mfalme George wa Tatu wa Uingereza alionekana hana tena akili za kutawala, mwanawe akamkaimu hadi baba alipofariki mwaka 1820. Waingereza huiita miaka hiyo tisa Regency. Mimi darasani niliiita Enzi ya Kaimu Mfalme, na wanafunzi walielewa upesi, kwani nani hajamwona kaimu anavyokikalia kiti? Humo wametiwa mabwana wenye mashamba makubwa, mashangazi wakali, farasi, chai na barua. Na ni riwaya safi. Busu likija huja ukurasa wa mwisho, kama risiti baada ya malipo. Nilipokuwa bwenini matroni hakuwahi kuninyang'anya hata moja.

Mabwana hawakunishughulisha sana. Nilichokipenda ni wasichana wao. Venetia, katika kitabu cha mwaka 1958 chenye jina lake, amekulia shambani Yorkshire bila kwenda popote, kilichomlea ni vitabu, na mhuni maarufu wa wilaya anapomtupia ubeti wa shairi yeye humrudishia unaofuata. Katika The Nonesuch, cha mwaka 1962, mhusika mkuu wa kike ni mwalimu wa nyumbani anayejilisha kwa kufundisha watoto wa wenzake. Nilikisoma kabla sijajua kwamba na mimi nitakuwa mwalimu. Hawa ni wasichana ambao watu wao wanawaonea huruma kwamba wanasoma mno na umri unakwenda. Waingereza walikuwa na tusi la kuwaita, soksi za buluu, na kichekesho ni kwamba aliyevaa soksi hizo kwa mara ya kwanza alikuwa mwanamume, Benjamin Stillingfleet, mtaalamu wa mimea, aliyealikwa kwenye baraza la wanawake wasomi katikati ya karne ya 18 akaenda na soksi zake za sufu za kila siku. Soksi zake, tusi la wanawake.

Kwa miaka zaidi ya 30 nilidhani vitabu hivi vilitoka mbali kabisa na sisi. Kisha mwaka 2004 mdogo wangu aliyekwenda kusoma ng'ambo alinitumia kitabu cha maisha ya huyo Heyer. Nilikuwa nakisoma barazani, mtaa wa Kambarage, Shinyanga, sufuria ya maharage iko jikoni. Nilipofika mwaka 1927 maharage yakaungua.

Alizaliwa Wimbledon, London, mwaka 1902. Kitabu chake cha kwanza, The Black Moth, kilitoka mwaka 1921 naye ana miaka 19, kikiwa kimeanza kama hadithi ya kumliwaza mdogo wake mgonjwa. Mwaka 1925 akaolewa na Ronald Rougier, mhandisi wa migodi. Mwaka uliofuata mume akatumwa Tanganyika kutafuta bati, na mwaka 1927 mke akamfuata. Hawakukaa Dar es Salaam wala Tanga. Walikaa huku kwetu, Kanda ya Ziwa, pande za Kyerwa katika nchi ya Karagwe, kwenye nyumba ya mabingobingo, zile nyasi nene zinazompita mtu urefu. Aliyetaka kufika huko wakati ule alishuka melini Mombasa, akapanda treni hadi Kisumu, akavuka Ziwa kwa meli hadi Bukoba, ndipo akaanza kazi ya kwenda. Reli ya Tabora–Mwanza, inayopita hapa Shinyanga, ilikuwa bado inatandikwa. Ilifika Mwanza mwaka 1928.

Humo ndani ya nyasi ndimo alimoandikia The Masqueraders, kitabu changu cha karanga. Kilitoka mwaka 1928, reli na kitabu mwaka mmoja. Si cha Enzi ya Kaimu Mfalme hasa; kimewekwa miaka sabini hivi kabla, baada ya maasi ya mwaka 1745. Enzi yenyewe aliiingia mwaka 1935 kwa Regency Buck, na aina nzima ya riwaya hizi, ambazo leo waandishi wengi wanaishi kwazo, hutajwa kuwa imeanzia kwake. Jane Austen aliziishi siku zile, kitabu chake cha kwanza kikitoka mwaka 1811 bila jina lake, kikisema tu kimeandikwa na bibi. Heyer alizijenga upya kutoka kwenye nyaraka. Alipofariki mwaka 1974 aliacha vitabu vya rejea kama 1,000 na madaftari ya michoro ya kofia, magari ya farasi na bei za bidhaa.

Sasa fikiri: Kyerwa hakuwa na hivyo vitabu 1,000. Aliandika London ya karne ya 18 kwa kumbukumbu, taa ya mafuta mezani. Waliompekua baadaye wamemkuta na kosa moja: klabu moja ya mabwana aliifungua mwaka mmoja kabla ya wakati wake. Mimi nimesahihisha mitihani ya Historia kwa miaka mingi, na nimewahi kuona Vita vya Majimaji vikipiganwa kabla Wajerumani hawajafika, na vitabu vya wizara viko kabatini.

Lipo jambo linaloniudhi, nalisema. Wanaomwandika hupenda kueleza kwamba watumishi wake hawakuwa wamewahi kuona mwanamke Mzungu. Sawa. Naye alirudi akaandika makala ya vituko vya huko kwenye gazeti la The Sphere, mwaka 1929, na mnyama mwenye pembe ndiye aliyepata kichwa cha habari. Lakini aliyechota maji, aliyechemsha ndizi, aliyezima moto wa jiko ili cheche zisishike nyumba ya nyasi na kuteketeza muswada wa mtu, huyo kwenye kitabu nilicholetewa hana jina. Riwaya ile ina mpishi wa Kinyambo, mwenyeji wa Karagwe, ndani yake, ingawa hatajwi.

Kinachonivuta kwa Heyer ni kwamba alikuwa mke wa mchimbaji. Wake wa wachimbaji nawajua. Nimefundisha watoto wao Geita tangu kabla mgodi mkubwa haujafunguliwa mwaka 2000, wakati Nyarugusu na Rwamgasa palikuwa maduara ya dhahabu, karasha za kusagia mawe na vumbi. Mume anasikia kuna rashi mahali, anaondoka usiku na sururu, anarudi baada ya miezi mitatu na hadithi. Mke ndiye anayejua ada ya shule. Anauza vitumbua mwaloni, anaponda mawe, anasuka nywele. Duarani kwenyewe hashuki, maana wengi waliamini, na wapo wanaoamini hadi leo, kwamba mwanamke akiingia dhahabu inajificha. Ilibidi wanawake waunde chama chao, TAWOMA, mwaka 1997, ili wasikike kama wachimbaji na si kama wapishi wa wachimbaji.

Heyer naye hivyo hivyo. Kutoka Tanganyika walikwenda Makedonia kwa kazi ya mume, huko akaponea chupuchupu baada ya daktari wa meno kukosea dawa ya usingizi. Mwaka 1929 mume akaacha kazi ya migodi. Akajaribu biashara, ikadoda. Akanunua duka la vifaa vya michezo kwa fedha za kukopa kwa mashangazi wa mkewe. Hatimaye akasoma sheria, akawa wakili mwaka 1939. Miaka yote hiyo chungu kilikuwa juu ya kalamu ya mke. Karibu kila mwaka kitabu. Mama muuza vitumbua wa Rwamgasa angemwelewa bila mkalimani.

Na kuna fundo jingine la uzi huu, ambalo baba yangu angelipenda. Oktoba 1947 mgodi wa Mwadui, ulioanzishwa na John Williamson kutoka Kanada baada ya kugundua almasi mwaka 1940, ulitoa jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54 na zaidi. Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth kama zawadi ya harusi. Likakatwa, likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakalitia katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Mwaka 1966 Elizabeth huyohuyo, sasa Malkia, aliyependa riwaya za Heyer, alimwalika mwandishi chakula cha mchana kwenye jumba lake. Sijui kama siku hiyo alivaa udongo wetu kifuani. Nikisimulia nasema alivaa.

Niliposimulia riwaya hizi kwa mama yangu, swali lake la kwanza lilikuwa: "Huyo binti ng'ombe wangapi?"

Ni swali zuri kuliko maswali ya wahakiki wengi. Riwaya hizi, ukivua gauni, ni hesabu ya mali. Katika Pride and Prejudice ya mwaka 1813, mwanamume anaingia ukumbini na kabla hajavua glovu watu wote wanajua anapata pauni 10,000 kwa mwaka. Tofauti na kwetu ni upande wa mzigo: kwao binti ndiye huja na fedha, na akishaolewa fedha ni za mume, hadi sheria ya mwaka 1882 mke wa Kiingereza kwa kawaida hakuwa na mali ya peke yake. Kwetu Usukumani mali hutoka kwa mume, ina pembe, na hupelekwa kwa wazazi wa binti. Msichana mweupe huongezewa. Mwaka 1974, nikiwa kidato cha tatu, baba mkubwa alileta habari ya ng'ombe 22. Baba akamkaribisha chai, akamwambia kwamba ng'ombe hawaozi, wangoje nimalize. Sikumsikia baba akilizungumzia tena. Alijua pia kwamba mimi ndiye niliyekuwa namwandikia barua zake za Kiingereza za kuomba kupandishwa cheo.

Mama alielewa pia habari ya msimu. London ilikuwa na miezi yake, Bunge likiwa linakaa, familia za mashambani zikija mjini na mabinti wao, na kila Jumatano dansi ya Almack's, ukumbi ambao mabibi wachache wenye vyeo ndio walioamua nani apewe tiketi. Kwetu msimu ni baada ya mavuno, Juni na Julai, ghala limejaa na pamba imeuzwa. Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vilivyoanzia kwenye ushindani wa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, hucheza pande mbili za uwanja mmoja kwa saa ileile, na mshindi ni aliyeuvuta umati. Mmoja analeta chatu, mwingine analeta nungunungu. Jioni watu wakitawanyika ndipo lilipokuwa likisikika lile neno: chagulaga, mayu. Vijana wamemzunguka msichana, anatakiwa ataje mmoja, wengine waondoke.

Chagulaga siku hizi inazungumzwa kama kosa la jinai, na wenye kuisema hivyo wana sababu, kwa kuwa kuzungukwa gizani na wanaume sita si kuchagua. Bibi yangu aliisimulia vingine: kwamba wakati wake msichana aliweza kusema "hakuna", na vijana wakaona haya wakaenda. Sina namna ya kumpima bibi. Lakini niliposoma Heyer, nikakuta wasichana wanaosema "hakuna" sura baada ya sura, niliisikia sauti ya bibi kabla ya sauti ya Kiingereza.

Kusema "hakuna" kuna umri wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe na miaka 15 wazazi wakiridhia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 ulionyesha Shinyanga ikiongoza nchini: asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya 18. Mwaka 2016 mwanaharakati Rebeca Gyumi aliishinda Serikali Mahakama Kuu juu ya vifungu hivyo, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali ushindi wake. Darasani kwangu asilimia hiyo 59 ilikuwa madawati. Mwezi wa saba lilikuwa wazi moja, mwezi wa tisa mawili.

Bwenini Geita, zamu yangu ikiwa usiku, niliwasimulia. Taa zikizimwa saa nne, mwalimu wa zamu anakaa kwenye ndoo mlangoni, riwaya ya Kiingereza inatoka kwa Kiswahili chenye Kisukuma ndani. Wasichana wale walikuwa wamekua na vitabu vya aina nyingine. Mama zao, kama wangu, walijifunza kusoma chini ya mti katika mradi wa kisomo wa UNESCO ulioanza mwaka 1968 katika mikoa ya Ziwa, Mwanza, Mara, Ziwa Magharibi na Shinyanga, ambako kitabu cha kwanza kilihusu pamba. Mama alisoma neno "mbolea" kabla hajaweza kusoma jina lake. Na wao wenyewe walikuwa wamepitishiana Rosa Mistika chini ya blanketi. Hicho ni cha hapahapa Ziwani, kimeandikwa na Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, kikatoka mwaka 1971 na kikazuiwa mashuleni kwa muda. Ni kitabu kikubwa, sitamwachia mtu akidharau. Lakini Rosa anasoma, anafika chuo cha ualimu Morogoro, na mwisho anajiua. Maimuna wa Utengano, cha Said Ahmed Mohamed, anapita motoni kabla hajapata pumziko. Msichana wa riwaya zetu akishika kitabu au akivuka kizingiti, msomaji anaanza kutandika mkeka wa matanga. Mimi nilitaka nionyeshe bweni lile msichana anayesoma na bado yuko hai ukurasa wa mwisho, anakula.

Aliyewapendeza kuliko wote hakutoka hata kwenye riwaya. Mary Anning aliishi kweli, miaka ileile ya Kaimu Mfalme, kwenye pwani ya Lyme Regis. Baba fundi seremala alikufa mwaka 1810 akaacha madeni. Mwaka 1811 kaka yake aliona fuvu la mnyama wa ajabu kwenye jabali; mwaka 1812 Mary, mwenye miaka 12 au 13, akaupata mwili uliobaki. Mnyama wa baharini wa zamani aliyegeuka jiwe. Wakauza kwa pauni 23. Akaendelea na nyundo yake maisha yote, akajifundisha anatomia, mabwana wa sayansi wakanunua mawe yake na kuandika makala kwa majina yao. Chama cha wanajiolojia cha London kilikataa wanawake hadi mwaka 1919. Waandishi wa siku hizi wa riwaya hizi safi wanampenda mno. Mashujaa wao wengi wenye nyundo na daftari ni yeye aliyevalishwa gauni zuri na kupewa bwana. Wasichana wa Nyarugusu hawakuhitaji bwana kwenye hadithi hii. Waliuliza nyundo ilikuwa ya ratili ngapi, na kama aliyemiliki jabali alidai sehemu yake.

The Masqueraders nilikuwa nayo bila mwisho, na bweni halikubali hadithi isiyo na mwisho. Nikautunga. Prudence wangu, baada ya kutembea London nzima kwa koti la kiume na upanga, alikataa kulivua. Akachukua mali iliyotakiwa kuwa mahari yake, akajenga kiwanda cha kuchambulia pamba, akaajiri wanawake kushika vitabu vya hesabu. Nilieleza hata mizani.

Kitabu kizima nilikipata baadaye, kwa mdogo wangu yuleyule. Prudence anaolewa na Sir Anthony Fanshawe, bwana mkubwa wa mwili na mpole, tena mwenye macho, aliyemgundua mapema kuliko wote. Ndoa nzuri, sina la kusema.

Mwaka juzi, stendi ya Shinyanga, mwanamke alinishika mkono. Yuko maabara, anapima sampuli za dhahabu. Alikuwa kwenye bweni lile. Kwa kuwa dhamiri ilinisumbua nikamweleza palepale, mizigo iko chini, kwamba mwisho niliowapa ulikuwa wangu, wa kweli ni kwamba aliolewa. Akafikiri kidogo, huku kondakta anapiga kelele za Kahama.

"Sasa mwalimu," akasema, "kile kiwanda alimwachia nani?"